Jinsi Nilivyotafsiri Filamu ya Matanga

Duka langu liko karibu na stesheni ya treni, hapa Kalemie, na kazi yake ni kuwawekea watu filamu, nyimbo na michezo kwenye simu na flashi. Vyote ni vya bei ya chini, na ubora wake unalingana na bei. Miaka michache iliyopita nilichoka kuulizwa swali lilelile kutwa nzima, "Papa, hii iko nzuri?", nikatundika ubao mweusi mlangoni na kuanza kuandika hukumu zangu kwa chaki. Nilidhani zitanipunguzia maneno. Kumbe zikaniletea wasomaji, na msomaji wa mtaa wetu hasomi akapita. Anasoma kisha anaingia ndani kubishana.

Sikuwa na huruma, na sioni kwa nini ningekuwa nayo. Kuhusu mchezo mmoja wa magari niliandika: "Gari linapita katikati ya ukuta bila kukwaruzika, likigusa kuku linalipuka." Kuhusu mchezo wa mpira ambao fundi fulani alikuwa amewavisha jezi za mwaka huu wachezaji waliostaafu zamani: "Jezi mpya, magoti yaleyale." Kwenye muziki nilikuwa mkali zaidi. Wanamuziki wetu wana desturi ya kutaja ndani ya wimbo majina ya wakubwa waliowasaidia, na siku hizi wakubwa wamezidi mashairi. Nyota mmoja wa mtaani kwetu alitoa wimbo wa mapenzi ambamo mpenzi anatajwa mwanzoni tu, kisha wanafuata afisa wa forodha, mwenye boti, daktari wa meno na wajomba zao. Niliandika: "Unafaa kuitia mahudhurio shuleni." Alikuja dukani amevaa miwani ya jua wakati mvua inanyesha, akaniambia sijui sanaa. Nilimjibu kwamba huenda ni kweli, ila daktari wa meno sasa namjua.

Lakini hasira yangu kubwa niliwawekea watafsiri wa filamu. Filamu zetu nyingi zinavuka ziwa kutoka Kigoma zikiwa tayari na sauti ya mtu mmoja anayesema Kiswahili kwa niaba ya waigizaji wote, mume, mke, mtoto na mbwa. Mtu huyo halazimiki kuijua lugha ya filamu. Anaangalia nyuso, anakisia, na akikosa la kukisia anasalimia marafiki zake. Shujaa anakata roho, yeye anatangaza saluni ya shemeji yake. Kuna mzee mmoja kwenye filamu ya mapigano ambaye mtaa mzima tulimchukia kwa sababu alimpa sumu ndugu yake ili amrithi. Baadaye nikaipata filamu hiyo bila mtafsiri, yenye maandishi ya Kifaransa chini, nikagundua mzee alikuwa daktari na ile sumu ilikuwa dawa. Niliwagawia wateja hiyo ya kweli kwa furaha kubwa. Wakairudisha.

"Papa, hii ni ya bandia," mmoja aliniambia. "Hamuna muntu mwenye kusema."

Nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, kwamba watafsiri wa filamu ni waongo waliopewa maikrofoni. Nilijiona nimeutendea mji wema.

Ndiyo maana jirani yangu alipofiwa na mumewe na kutengenezewa filamu ya matanga, aliileta kwangu. Yeye ni mama anayeuza samaki wa kukausha sokoni, mwenye maneno machache na mkono mwepesi kazini. Mumewe alikuwa fundi wa reli, mgomvi aliyependwa na watu wote, na alikufa baada ya kuugua muda mrefu. Mama aliweka flashi juu ya meza yangu na kubaki amesimama.

"Papa, weye njo unajuaka filme mubaya," alisema, yaani mimi ndiye nizijuaye filamu mbovu. "Uniangalilie hii mbele ya iende Kongolo."

Kongolo ndiko uliko ukoo wa marehemu. Hawakuja kwenye maziko wala kwenye matanga kwa sababu treni inayotoka huko huja inapojisikia, na safari hiyo haikujisikia. Habari, kwa bahati mbaya, hazipandi treni. Waliambiwa kwamba mjane hakutoa hata chozi, kwamba alikuwa anazunguka tu na masufuria. Kaka mkubwa wa marehemu akapiga simu kutoa uamuzi: filamu ipelekwe, ukoo wote utakaa kuitazama, uone ndugu yao alizikwa namna gani na mke wake alimlilia namna gani. Wakiona aibu, watakuja kuchukua nyumba. Sheria ya kumlinda mjane ipo, nimewahi kuiona imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi moja. Tatizo ni kwamba sheria inakaa ofisini, na mashemeji wanakuja na magodoro.

"Wameisha kugawanya vyumba," Mama aliniambia. "Miye na watoto hatuna chumba mule."

Nilimpa benchi akae, nikafungua flashi. Nitasema ukweli kama nilivyozoea: sijaona filamu mbovu kuliko ile, na nimeona nyingi. Inaanza na jina la marehemu linaloruka angani likiwaka moto. Anafuata tai, kisha maporomoko ya maji ambayo hayako kwenye mkoa wetu, kisha jina la mpiga picha, kubwa kuliko la marehemu. Jeneza linatolewa nyumbani haraka, limezibwa na bega la mtu. Kaburi tunalikuta limeshafukiwa, maana mpiga picha alichelewa kufika makaburini. Baada ya hapo wageni wanakula. Wanakula bukari, ugali wa kwetu, wanakula samaki, wanakula wali, wanaonyeshwa mmoja mmoja wakitafuna. Na juu ya yote hayo, mwanzo hadi mwisho, mpiga picha aliweka wimbo wa yule nyota wa miwani. Marehemu alizikwa huku daktari wa meno akisalimiwa.

Mjane mwenyewe anaonekana mara mbili. Mara ya kwanza amegeuka, ameshika sufuria. Mara ya pili anacheka.

Si tabasamu. Anacheka kabisa, kichwa kimeinama, mkono usoni. Mpiga picha alipapenda mahali hapo, akapunguza mwendo ili kicheko kidumu, na kumwagia maua mekundu yanayodondoka kutoka juu. Niligeuka kumtazama Mama. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Hakuniambia kama alinikamata picha pale," alisema.

Alinieleza. Siku ya kumaliza matanga, mzee wa kanisa alisimama kumsifu marehemu. Akasema alikuwa mtu mpole. Akasema hakuwahi kugombana na mtu yeyote. Pale pale jenereta likazimika na vipaza sauti vikakata. Jenereta lenyewe marehemu alikuwa amelitengeneza kwa mkono wake, na tangu alitengeneze lilikuwa linazimika linapotaka, naye akiligombeza mbele ya majirani.

"Nilimusikia bwana yangu," Mama alisema. "Nilimusikia kabisa anasema, nyamaza, muongo. Kicheko kikanishinda."

Na mimi nilicheka, halafu nikaona aibu, kwa sababu kile kicheko kilikuwa kinakwenda Kongolo kumtoa mtu nyumbani kwake. Nilimwita mpiga picha. Alikuja na kofia iliyogeuzwa nyuma na begi la kamera ambalo halivui hata akikaa. Nilimwambia atoe kicheko.

"Papa, miye ni realizateri," alinijibu, yaani mwongozaji wa filamu. "Ile njo sehemu yenye iko na hisia."

"Basi weka mahali pengine anapolia."

"Picha zingine nilifuta. Kulikuwa na ndoa siku ya Jumamosi, kamera ilijaa."

"Na siku ya maziko? Alilia makaburini watu wote wanasikia."

"Nilikuwa bado kufika."

Nilitamani kumpiga na begi lake. Tukahesabu hali yetu. Tukikiacha kicheko, ukoo utamwona mjane anayefurahia. Tukikiondoa, inabaki filamu ya matanga yenye sufuria na isiyo na mjane. Mama alikuwa anatutazama tukibishana, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama mimi namfahamu mtu mwenye chumba cha kupangisha, kisicho mbali na soko. Swali hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Ili nifikiri vizuri nilizima ule wimbo. Picha ikaendelea bila sauti, na mara ya pili ile sehemu ikapita mbele yetu kimya. Mwanamke ameinamisha kichwa. Kiganja kimefunika macho. Mabega yanatikisika polepole. Hata maua yale ya kipumbavu yalianza kuonekana yana maana.

"Haina sauti hii," mpiga picha alisema taratibu. "Inataka muntu wa kusema."

Wote wawili wakaniangalia. Ninayo maikrofoni dukani, ya kutangazia bidhaa. Nilikumbuka niliyoyaandika kuhusu watafsiri, nayo yalikuwa bado mlangoni. Nilimwambia mpiga picha afunge mlango ili kelele za barabarani zisiingie.

Nilianza kwa heshima. Niliwasalimia wazee wa Kongolo kwa vyeo vyao, kaka mkubwa, mama mzazi, wajomba, mashangazi. Niliwaeleza kwamba tai yule ni roho ya ndugu yao inayorudi kwao kwa sababu treni ilikosekana, na mpiga picha akaitikia kwa kichwa, anajifunza maana ya kazi yake. Wageni waliokuwa wanatafuna niliwageuza kuwa ujumbe wa reli, ujumbe wa bandari na ujumbe wa walimu, kila mmoja amekuja kwa simanzi yake na anakula kwa shida. Mbele ya kile kicheko nilivuta pumzi. Nikasema: "Na huyu, wazee wetu, ni mjane. Kwa siku zote za msiba hakutaka watu waone machozi yake. Lakini mzee wa kanisa alipotaja upole wa marehemu, alishindwa. Mutazame mabega. Mutazame na mukumbuke ni nani alimuuguza mutoto wenu." Sauti yangu ilikatika hapo, na sikuigiza. Maneno ya mwisho yalikuwa kweli, pengine ndiyo pekee.

Kisha, kwa sababu zilizobaki zilikuwa sekunde za masufuria tu na ulimi ulikuwa umeshapata moto, nikajisikia nataja duka langu, karibu na stesheni, filamu mpya kila wiki. Mama alinitazama. Niliendelea mpaka mwisho.

Flashi ikaondoka na mkwe wa mtu aliyekuwa anasafiri, treni ilipojisikia. Tukangoja. Mama aliendelea kuuza samaki.

Hukumu ilipofika ilikuja kwa simu ya kaka mkubwa mwenyewe. Ukoo ulikuwa umejaa uani, wametazama kwa televisheni ya jirani. Mama mzazi wa marehemu aliomba ile sehemu ya mjane irudishwe, ikarudishwa, watu wote wakalia. Kaka mkubwa alisema waliomchongea shemeji yake ni mbwa, kwamba mwanamke anayelia namna ile hawezi kuguswa, nyumba ni yake na watoto. Alilalamika jambo moja tu, kwamba samaki walionekana wadogo. Mpiga picha alipata kazi mbili za matanga huko huko. Wateja wangu walianza kuniomba filamu yenyewe, na mmoja wao, ambaye marehemu hakumfahamu hata kwa sura, aliniambia ni nzuri kuliko za mapigano. Ubao niliufuta kwa kitambaa chenye maji na sijaandika tena kuhusu watafsiri. Si kwa toba. Sikutaka tu kumkosoa mwenzangu wa kazi.

Mama alikuja jioni moja kabla sijafunga. Nilidhani amekuja kushukuru, nikajiandaa kukataa shukrani kwa adabu. Alikaa kwenye benchi.

"Wananisifu," alisema. "Wanasema nililia muzuri."

"Mungu asifiwe, Mama."

"Siku ya maziko nililia mupaka sauti ikaisha. Ile hakuna muntu aliona Kongolo. Ile moja nilicheka na bwana yangu, njo ile wananipea nayo nyumba." Alifungua fundo la kitenge chake akatoa simu. "Uniwekee yenye haina sauti yako, Papa."

Nilimuuliza anaitakia nini, maana bila maelezo ile filamu si kitu.

"Miye sihitaji maelezo," alisema. "Nilikuwa mule."

Nilimwekea nakala isiyo na wimbo wala mimi. Hakusubiri kufika nyumbani. Aliisogeza kwa kidole mpaka kwenye maua yale mekundu, akageuka na kunipa mgongo ili kuitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilisimama nyuma ya meza yangu na maikrofoni mkononi, nimeiokota bila kujua, na sikuweza kusema kama analia au anacheka.