Tao la Makuti Machanga

Ninafundisha historia ya kale katika chuo kimoja hapa Kindu, kazi ambayo jamaa zangu wanaiheshimu bila kuielewa, na serikali inaielewa bila kuilipa. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi jinsi Warumi walivyojenga matao ya mawe ili majemadari wapite chini yake wakitoka vitani, raia wakishangilia pande zote mbili za barabara. Wanafunzi wanaandika. Hakuna anayeuliza tao ni kitu gani. Mtoto wa Kindu amesimama kando ya tao tangu darasa la kwanza, bendera ya karatasi mkononi na jua utosini, akimngoja mkubwa ambaye ndege yake imechelewa.

Matao yetu ni mianzi iliyofungwa makuti ya mchikichi. Mkubwa akija kutoka Kinshasa, kila mtaa ulio kwenye njia yake unatakiwa kusimamisha la kwake. Makuti hayanunuliwi. Mwenye miti anayatoa kwa furaha kubwa, na habari za furaha yake anazisikia kesho yake redioni.

Mwenye miti katika mtaa wetu ni mama yangu. Nyuma ya nyumba yake kuna michikichi mitatu, na mawese yake ndiyo yanayompa sabuni, chumvi, dawa za presha na kiburi cha kutoniomba kitu. Kabla ya vita miti ilikuwa minne.

Miaka ya vita mji ulizungukwa. Waliotutawala walikuwa mjini, waliowapinga walikuwa msituni, na sisi tulikatazwa kwenda mashambani kwa sababu kila mwenye jembe alihesabiwa mpelelezi. Treni haikuja. Mihogo ilioza ardhini ng'ambo ya mto, na upande huu watu walichemsha majani wasiyoyajua. Mama alikamua mawese ya miti yake, akayatia kwenye sombe, majani ya mihogo iliyoota uani, tukaishi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu karibuni, na digrii ilikuwa bado inawasha. Nilimweleza jirani yetu, fundi wa reli asiye na reli, kwamba hivi ndivyo miji ya kale ilivyozingirwa, na nikamtajia baadhi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akaniuliza kama watu hao waliandika mahali popote walikuwa wanakula nini.

Ndipo kamanda mkuu wa waliotushika akaamua kuja kuutembelea mji aliokuwa anauua kwa njaa. Alitaka tao. Askari walioingia uani kwetu hawakukulia kwenye michikichi. Waliacha makuti yote yaliyokomaa, wakakata yale machanga ya katikati ambayo bado hayajafunguka, kwa kuwa ni laini na yana rangi ya dhahabu. Pamoja nayo walikata moyo wa mti. Mchikichi una moyo mmoja tu. Ukiukata, hauchipui pengine. Mti ule ulikufa polepole, kuti moja baada ya jingine likiinama, na Mama alikuwa akifagia chini yake kila asubuhi bila kutazama juu. Kamanda alipita chini ya tao ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa. Wanawake ambao hawakuwa wamekula tangu jana yake waliimba jina lake.

Nisijifanye kwamba ubaya huu ulishuka kwetu kutoka mbali. Babu zetu waliokuja hapa na misafara ya watu wa pwani, vitu vyao vilibebwa na mabega ya watu wa nchi hii, na wengi wa hao hawakurudi makwao. Nyumbani tunazitaja kanzu za babu zetu. Mabega hatuyataji.

Mwaka huu shefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu, alikuja Ijumaa baada ya sala, mimi nikiwa kwa Mama nakula. Alikuwa na vijana wawili wenye mapanga.

"Mama, tumekuja kwa ajili ya mukubwa," alisema.

"Mukubwa gani? Wa zamani ao wa sasa?"

"Usinichokoze, mama. Wa Kinshasa. Kesho kutwa atapita hapa."

"Apite. Barabara iko."

"Watu wa protokole wanataka tao. Na wanataka majani ya katikati, ile ya njano. Inatoka muzuri kwa picha."

Mama aliweka bakuli chini. "Ya katikati njo moyo. Ulikula mawese yangu ukiwa mudogo, shefu. Unajua. Kamata ya chini."

"Ya chini iko mazee. Watasema kartye yetu haimupendi."

"Si watasema kweli?"

Vijana wakacheka. Shefu akawatazama, wakaacha.

Nikasimama, mkono wangu ukiwa bado na ugali. Nilikuwa na hasira ya miaka ishirini, na hasira yangu kwa bahati mbaya ina shahada. Nilianza na Misri, watu wakiburuta mawe ya kaburi la mtu mmoja. Nikapita Babeli. Nilipofika Roma shefu aliinua kidole kama mwanafunzi.

"Profesa, hao wakubwa wako wapi leo?"

"Walikufa."

"Na matao yao?"

"Yapo mpaka leo."

"Sasa unaona."

Mmoja wa vijana alikuwa tayari anaizungusha kamba ya kupandia kiunoni mwake na shinani mwa mti wa kwanza. Nilikwenda nikashika ile kamba. Sikuwa na mpango wowote, na kijana alinitazama kwa huruma, maana angeweza kunisukuma kwa kiwiko. Ni Mama aliyesema, bila kuinuka kwenye mkeka, kwamba makuti ya chini yakioshwa na kupakwa mawese yatang'aa kuliko hayo ya njano, na mawese atatoa yeye.

Shefu alifikiri. Akatoka nje na simu yake, akaongea na mtu kwa sauti ya kuinama. Akarudi.

"Sawa. Lakini ya kungaa kabisa. Na mara hii tu, mama."

"Asante, mukubwa," nikasema. "Asante sana."

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo. Wanafunzi wangu nimewafundisha kwamba watu wa kale walichonga shukrani kwenye mawe kwa mfalme aliyewaachia mashamba yao wenyewe, na kila mwaka nasimama ubaoni na kuwashangaa watu hao.

Makuti yakashushwa, mazito, meusi kwa vumbi. Shefu akaondoka kutafuta mianzi kwenye ua wa mtu mwingine. Mama alitoa bidoni ya mawese aliyokuwa ameiweka kwa soko la Jumatatu, akaifungua, akalowesha kitambaa.

"Ulikuwa unamushukuru nini?" aliniuliza.

Akanirushia kitambaa cha pili. Nikakaa kando yake, nikasugua makuti ya mkubwa kwa mawese yetu, moja moja, mpaka yakang'aa.