Lebo ya Kitanda cha Upande Mmoja

Mama Mvuke hakuzaliwa na jina hilo. Alipachikwa na wenzake katika duka la dobi, kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama kwenye mashine ya mvuke tangu ujana wake, na kwa kuwa, walisema, akikasirika moshi humtoka puani. Hakukana. Sababu za kutoa moshi alikuwa nazo.

Shoga yake, waliyekuwa wakikunja mashuka pamoja, huyu kashika pembe hizi na yule pembe zile, alianza kuja kwake kuazima chumvi. Akaazima beseni. Mwisho akaazima mume. Chumvi alirudisha.

Watu walimwambia asamehe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao walirudi kwao wakakuta mtu wa kugombana naye. Yeye alirudi kwenye chumba ambacho kijiko kikianguka, hakuna wa kuuliza nini hicho.

Muziki uliingia kwake kupitia mteja mmoja, mwanamke mpiga fidla, aliyeleta magauni yake meusi ya jukwaani kupigwa pasi. Siku hiyo simu yake ilikuwa inalia sauti za ajabu.

"Muziki gani huo, mwanangu? Mbona kama mtu anaburuta kabati?"

"Ni klasiki ya siku hizi, mama. Mtunzi wake yuko hai, hata mvi hana."

"Na aliyemuudhi ni nani?"

Mpiga fidla alicheka mpaka akaegemea kaunta. Lakini Mama Mvuke hakuwa anatania. Alikuwa ameisikia ile sauti ikimkwaruza mahali ambapo nyimbo za redioni, na mapenzi yao yote, hazikufika. Akaomba awekewe kwenye simu yake.

Mpiga fidla akamwekea, akamwonyesha. Kule mtandaoni watu huleta vipande vya muziki, na kila msikilizaji anaweza kukibandika kipande maneno yoyote anayotaka. Ukigusa maneno hayo, vinakuja vipande vyote vilivyobandikwa hivyo. "Ni lebo tu," alisema huku akitafuta funguo zake. "Kama hizi zenu za nguo."

Lebo Mama Mvuke alizijua. Kule dukani kila mteja alikuwa na yake, kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya ukosi. Lebo moja, mwenyewe mmoja. Ukikuta lebo ya mtu kwenye nguo ya mtu mwingine, jua kuna aliyekosea au kuna mwizi.

Kuandika kulimshinda, basi akawa anaiambia simu kwa mdomo na simu inaandika. Wengine walibandika "fidla" au "polepole". Yeye alipata kipande cha fidla mbili, moja inanyamaza katikati na nyingine inaendelea kama haijaambiwa. Akakisikiliza amesimama, koti hajavua. Akasema: kitanda cha upande mmoja. Maneno yakatokea yameshikana kama nguo zilizolowa, nayo yakawa lebo yake. Akaibandika pia kwenye kipande cha zumari peke yake, na kingine cha waimbaji wanaovuta pumzi bila kuimba.

Baada ya muda, kila alipoigusa alikuta vipande asivyovijua. Kimoja kilikuwa cha kinanda: sauti moja inapigwa, inaachwa ife yenyewe, halafu nyingine. Aliweka chini bakuli la chakula. Ilikuwa kama mtu amechungulia chumbani kwake na hakucheka. Alidhani ni simu iliyomjua tabia, ndiyo inayomletea. Akaanza kutoka kazini haraka. Wenzake wakasema Mama Mvuke kapata bwana.

"Hebu tumwone huyo bwana," alisema Mama Pacha wa meza ya pili, akamnyang'anya simu. Akasoma. "Kobe! Shoga, bwana gani anaitwa Kobe?"

"Kobe nani?"

"Huyu anayeweka miziki kwenye lebo yako. Yake mingi kuliko yako. Makubwa! Umeibiwa tena!"

Mama Pacha alikuwa anacheka tu. Hakuona mwenzake alivyokunja uso. Mama Mvuke aliichukua simu, akaenda nyuma kwenye kamba za kuanikia, akagusa jina la huyo Kobe, akabonyeza pa kurekodi sauti.

"Wewe Kobe. Sikujui, hunijui. Lebo hiyo niliishona mimi. Kitanda changu, na upande uliobaki ni wangu. Tafuta chako. Mimi nimeshachukuliwa vya kutosha."

Jibu lilikuja kwa maandishi. Alilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, amejificha kati ya mashuka mabichi.

"Samahani, mama. Nilipoyaona maneno hayo nilidhani ni mahali pa kukaa. Naondoa vyangu."

Jioni alipogusa lebo vilikuwa vimebaki vya kwake peke yake. Akajiambia ameshinda. Kwa mara ya kwanza mtu aliyechukua chake alikuwa amerudisha.

Mpiga fidla alipokuja tena kuchukua magauni, akamsimulia kwa kujisifu. Yule binti hakucheka.

"Mama, lebo ya kule haitengi mali ya mtu. Inakutanisha wasiojuana. Angekuwa mwizi, si vingepungua? Wewe ulikuwa unaongezewa."

"Uliniambia ni kama za nguo."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Ulikuwa unatafuta funguo."

Binti akaomba radhi, akalipa, akaenda zake na magauni begani. Wenye pa kwenda huomba radhi upesi.

Mama Mvuke ilimchukua siku nzima kupata maneno ya radhi yake. "Kobe, ni mimi," alisema hatimaye. "Nilikosea. Pale palikuwa pa kukaa. Rudi." Ujumbe ukaenda, ukakaa bila kusomwa. Alitafuta kile kipande cha kinanda asikipate. Jina lake hakuwahi kulijua, alijua tu kinavyokufa. Kila jioni alifungua vinanda vya watu wengine akivifunga kimoja baada ya kingine, hiki sicho, na hiki sicho.

Halafu siku moja akakuta kipande kipya chini ya lebo yake. Akatazama jina la aliyekileta. Hakuwa Kobe. Ni mtu mwingine kabisa, na alicholeta ni matarumbeta matupu, yanaruka na kupigana vikumbo kama walevi wa harusini. Kilikuwa na uhusiano gani na kitanda chochote, Mungu anajua.

Akabonyeza pa kurekodi. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, makali. Akaondoa kidole. Akavuta kiti, akayasikiliza yale matarumbeta mpaka mwisho, na yalikuwa mabaya kweli.