Dawa ya Agbeko kwa Miche ya Mkewe

Fundi Agbeko wa Anloga alikuwa na sikio. Ungemletea pampu iliyonyamaza tangu Pasaka, angevuta kamba mara moja, akainamisha kichwa, akakwambia: ni vali, au ni plagi, au ni wewe mwenyewe uliyetia mafuta machafu na sasa unajitia hamnazo. Mara nyingi lilikuwa hilo la tatu. Wakulima wa vitunguu walimtania kwamba angekuwa daktari angeua wagonjwa kwa maneno, lakini pampu zake zilimwaga maji, na kwenye mchanga ule bila maji hakuna tuta linalodumu. Mtu wa namna hiyo, aliyezoea kuwa yeye ndiye anayejua, alikuja kushikwa na wivu kwa sababu ya jani.

Jani lenyewe lilikuwa la pilipili. Mkewe, Kafui, alikuwa na kitalu nyuma ya nyumba, pilipili, nyanya na bilinganya, na wanawake wa mtaa mzima walichukua miche kwake mvua zilipokaribia. Mche ukiugua, Kafui alichuma jani moja, akalifunga kwenye kitambaa chenye maji, akapita kisimani kwenda kwa Sedzro. Sedzro alikuwa mtu mpole aliyefiwa na mke, mwenye matuta yake ng'ambo ya kisima, na miche aliijua. Agbeko aliwaona vizuri kutoka karakana yake: wamechuchumaa, vichwa vimekaribiana, wanageuza jani na kutazama chini yake. Kuna nini chini ya jani, alijiuliza, cha kuwashika watu wazima wawili muda wote ule?

Jioni, Kafui alipoleta ugali wa akple na mchuzi wa bamia, alimleta na Sedzro, mdomoni.

"Sedzro anasema mche ukinywea shingoni ukalala chini, si mdudu, ni ugonjwa, kinyausi. Nimezidisha maji."

"Mm."

"Anasema sota, yule kiwavi wa udongoni, yeye hukata kabisa. Ukifukua kidogo asubuhi unamkuta hapohapo kajikunja, kashiba."

"Hakusema mchuzi uongezwe chumvi?"

"Baba Yayra, una nini?"

"Mimi? Mimi nina mchuzi usio na chumvi."

Ulikuwa wivu, tusizunguke. Wala Agbeko hakudhani kuna la aibu linatendeka kule ng'ambo. Kisima kile kina macho mengi kuliko soko. Kilichomkata maini ni uso wa Kafui. Alipokuwa akimsikiliza Sedzro, mdomo wake ulifunguka kidogo na macho yakatulia, na Agbeko aliujua uso huo. Ndio uso aliomtazama nao yeye zamani, aliporudi kutoka Tema na sanduku la vifaa, akaufungua mtambo wa kusagia mahindi wa mama yake Kafui na kumwonyesha, kipande kwa kipande, mahali ulipougulia. Kwa uso ule alioa. Sasa uso ule ulikuwa unapita kisimani kila juma na kumwachia yeye mgongo.

Na watu hawakosi kuona. Daa Atsufi, dada jirani mwenye ulimi, alileta pampu yake siku moja akasimama mlangoni.

"Fundi, mbona shingo yako imegeukia kisimani? Imeshika kutu?"

"Pampu yako ina nini?"

"Pampu yangu inasubiri. Nauliza shingo."

Agbeko aliitengeneza pampu ile vibaya makusudi, kisha akaona haya, akaifungua akaitengeneza upya.

Mwaka ule, mvua zikiwa karibu, miche ya pilipili ilianza kukunja majani. Ilikuwa miche mizuri, na wanawake walikwishatayarisha matuta yao wakiingojea. Kafui alilala nayo akaamka nayo. Jumamosi alivaa kitambaa chake chekundu na cheusi kwenda mazikoni, na akiwa mlangoni akasema, "Sedzro atapita alasiri aiangalie. Mpe maji ya kunywa, tafadhali."

Atapita. Nyumbani kwangu. Nimpe na maji! Agbeko aliitikia kwa kichwa tu, maana angefungua mdomo yangetoka mengine.

Kafui alipokwenda, mumewe aliingia kitaluni kwa mara ya kwanza tangu aingize matofali ya kuzungushia. Alichuma jani akaligeuza. Chini yake kulikuwa na vijidudu vya kijani vimebanana, jani linanata, sisimizi wanapanda na kushuka. Alicheka kwa sauti. Siri yenyewe ndiyo hii? Huu ni uchafu tu! Na katika karakana ya Agbeko uchafu wote ulikuwa na dawa moja, iwe kwenye plagi, iwe kwenye kabureta, iwe kwenye mikono yake mwenyewe. Alitia mafuta ya taa kwenye bomba la kunyunyizia, akaongeza sabuni ya unga, akatikisa, akainyeshea miche yote mpaka ikachuruzika. Jua lilikuwa la utosini. Alitaka Sedzro afike akute kazi imekwisha, asimame pale na mikono mitupu, na Kafui akirudi aambiwe ni nani aliyeiponya.

Sedzro alipobisha hodi, majani yalikuwa yamelegea kama mboga iliyotoka chunguni. Aliinama, akasugua jani moja, akanusa vidole. Kisha akaitazama mikono ya Agbeko.

"Efo Agbeko, kaka, umechanganya kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

"Kimetosha kweli." Akakunja suruali. "Lete maji. Mengi."

Waliiosha miche wao wawili, ndoo baada ya ndoo, wakaifunika kwa makuti. Sedzro hakulaumu. Alisema tu, kwa sauti yake ileile ya taratibu, kwamba vile ni vidukari, kwamba sisimizi hufuata utamu wao, kwamba vingeondoka kwa sabuni kidogo na maji ya mwarobaini, jioni, jua likiisha ukali. Hata saa ile, huku akiokolewa, Agbeko alivitazama vidole vile vikiinua kila jani bila kuliumiza, na akavichukia.

Kafui aliwakuta hapo. Alifunua kuti, akaona, akaweka mkono kifuani. Agbeko alikuwa ameshika kikombe cha maji aliyotumwa kumpa mgeni.

"Daa Kafui, nisamehe," Sedzro akawahi kusema. "Dawa niliyoleta ilikuwa kali. Nimekosea."

Palikuwa na nafasi ya neno moja. Agbeko aliiona nafasi hiyo, pana kama mlango. Akainua kikombe akanywa.

"Wewe!" Kafui akamgeukia Sedzro. "Wewe ninayekuamini! Nitawaambia nini watu? Usikanyage tena kitalu changu, unasikia? Usikanyage!"

Sedzro aliokota kofia yake akaondoka. Agbeko alifurahi. Ilikuwa furaha ya kweli, nayo ilidumu mpaka yule mtu alipopita kisimani, akasimama kunawa miguu, mgongo umeinama.

Kafui alitoka kuchota maji, akakawia, akarudi, akapakua. Chakula kiliwekwa, na hakuna aliyetajwa. Agbeko alikuwa ameungoja ukimya huo kwa muda mrefu, na sasa alilirudisha tonge bakulini.

"Ni mimi," alisema. "Mafuta ya taa. Ni mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nakufulia mashati tangu tuoane, nisiijue harufu yako?"

"Basi mbona ulimgombeza?"

"Nilikuwa nakutazama wewe." Kafui hakupandisha sauti. "Nimemtukana mtu asiye na kosa mbele yako, nikakungoja useme. Ukanywa maji."

Agbeko alisukuma bakuli. "Nitakwenda kwake sasa hivi. Nitamwambia."

"Nenda. Mimi nimetoka huko. Nilipokwenda kuchota maji nilipita kumwomba radhi."

Alivaa ndala, akafika mlangoni, akageuka. Lilikuwa linamsumbua. "Mbona amebeba kosa langu? Hata hatusalimiani vizuri. Kwa nini anibebee mimi?"

Kafui alikuwa anakusanya vyombo. Miaka yote alimtaja Sedzro kama anavyotaja ndoo au kisima, bila kufikiri. Safari hii hakumtaja jina, na sauti yake ilishuka.

"Hakukubebea wewe," alisema.