Miaka Yangu ya Kuzizungusha Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu, maana nilidhani mtu akiajiriwa na shirika la ndege lazima ataonekana na watu. Nikapelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mabohari ya mizigo upande wa Hounslow, Landani, mahali ambapo ndege unazisikia tu, huzioni. Ndani walikaa wanaume wa makamo waliokunja mikono ya mashati, mashine ya teleksi ikipiga kelele pembeni, na ramani kubwa kama mikeka zimetandazwa mezani. Hakuna hata mmoja aliyetazama viatu vyangu.

Kazi yenyewe wengi hawaijui. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikwenda kaburini akiwaambia watu kwamba mkewe anakata tiketi. Mimi nilikuwa mpangaji wa safari za ndege. Kabla rubani hajaruka, mtu wa chini ameshaamua apite wapi, apae juu kiasi gani, upepo wa huko utamsukuma au utamrudisha nyuma, na abebe mafuta mangapi. Mpango huo hutiwa sahihi na watu wawili, rubani na mpangaji, na mambo yakiharibika huulizwa wote wawili. Ninyi wanangu mnaosomea kazi hii sasa mnafanyiwa hesabu na kompyuta, lakini sahihi bado ni yenu.

Mkuu wa Zamu wangu wa kwanza alikuwa Mwingereza mrefu mwenye kikohozi. Ujanani mwake alikuwa mwelekezaji wa njia katika ndege za kivita. Alinisukumia ramani, hakunikaribisha hata kiti.

"Ndege yako inakwenda wapi, Missis Rehema?"

"Nairobi."

"Nairobi kuna ukungu. Imefungwa."

"Nitaipeleka Mombasa."

"Mombasa kuna ndege imekwama katikati ya njia ya kurukia."

Nikaitafuta Kilimanjaro kwenye ramani, nikaiwekea kidole.

"Mafuta yatakufikisha?"

Sikujua.

"Basi ndege yako haijaruka," alisema, akaninyang'anya penseli.

Ndipo nilipofundishwa kiwanja cha akiba, yaani mahali ambapo ndege itatua ikiwa kule iendako hapaingiliki. Bila kiwanja hicho na mafuta ya kukifikia, mpango haupiti. Nilimwambia kwamba kwetu Tanga hilo si jambo geni, tunasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Ikabidi nimweleze mchongoma ni mti gani na miiba yake ikoje. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na tangu siku hiyo akawa ananiuliza mbele ya watu wote, "Missis Rehema, umeutazama mchongoma?"

Mzee yule hakupenda kuzungumzia vita. Mara moja tu, tukinywa chai, nilimuuliza kama walikuwa wakipotea. Akasema, "Kufika tulijua, na kurudi tulijua. Tusichokijua ni kile kilichotokea pale baada ya sisi kuondoka." Kisha akaniuliza kama biskuti zimebaki.

Nilianzia meza ya Afrika, na huko ndiko nilikoanza kuelewa maneno yake. Kulikuwa na nchi moja ya jangwani kaskazini, yenye mtawala aliyekaa hadi watu wakasahau kwamba aliwahi kuja. Wakubwa wa dunia waliamua kumwondoa kwa kutumia ndege peke yake, bila askari wao kukanyaga mchanga. Asubuhi ile ilikuja notamu, tangazo linalowaonya marubani juu ya hatari njiani, na anga la nchi ile likafungwa. Safari zetu za Afrika Magharibi nikazipitisha pembeni. Meneja wa Operesheni wa wakati huo, bwana mwenye tai nzuri na haraka nyingi, alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Iite njia ya muda."

Mtawala aliondoka kweli. Watu wake walicheza barabarani, na mimi nilishangilia mbele ya televisheni pamoja nao, sioni haya kulisema. Lakini anga halikufunguliwa. Maghala ya silaha yalikuwa yamebaki bila mwenyewe, na silaha haziozi kama nyanya; zilishuka kusini na watu waliokuwa wameajiriwa kuzibeba. Nchi ya jirani ikaingia moto, kisha jirani wa jirani. Kila iliposhika moto nchi, nami nilisogeza penseli. Njia ya muda niliyoichora siku ile niliikabidhi kwa wenzangu nilipostaafu, na bado inaitwa ya muda.

Baadaye nilihamishiwa meza ya Ghuba, na huko nikakutana na Farhad. Nchi yake siitaji, kwa kuwa ana watu wake kule. Msomaji wa magazeti ataijua mwenyewe. Alikuwa mpangaji hodari, mwenye sharubu za kizee kabla ya uzee, na alishikilia kwamba kutia maziwa kwenye chai ni dhambi. Yeye aliuma donge la sukari kwa meno ya mbele, akaipitisha chai juu yake. Nikamwambia hayo ndiyo mambo yanayowatoa watu meno. Yeye akaniambia chai yangu ni uji uliokosa unga. Tukaelewana.

Kwao hakuweza kurudi. Kaka yake alikufa mikononi mwa serikali baada ya maandamano, na Farhad akasimama hadharani hapa Landani akasema. Tangu hapo kukanyaga kwao kungekuwa kujipeleka jela. Kwa hiyo yeye na mama yake walibuni njia yao. Kila mwaka majira ya kuchipua, mama alipanda ndege kutoka kwao, mwana akapanda kutoka kwetu, wakakutana mji mmoja wa Ghuba kwa wiki moja. Mama alimzungusha madukani asikotaka kwenda, akamgombeza kwa kukaa bila mke, wakalala mchana kama watoto. Safari hiyo Farhad aliipanga mwenyewe kila mara, hata kama haikuwa zamu yake, na chumba kizima tuliijua kama ndege ya mama. Wiki hiyo moja ndiyo iliyomweka mzima mwaka mzima.

Vita vya nchi yake, wakubwa wa dunia wakiipiga serikali ile kwa ndege, vilianza asubuhi tukiwa zamu pamoja, safari ya mama ikiwa karibu. Notamu zilimiminika. Likafungwa anga la kwao, na lile la jirani wa magharibi, na Ghuba nayo ikafuata, kama maduka ya mtaa yanavyofungwa fujo ikianza kona moja. Tulikuwa na ndege zilizojaa watu, nyingine zimeshaingia njia ambayo haipo tena. Tuliwageuza, tukawatafutia mahali pa kushuka mmoja mmoja. Farhad alifanya kazi yake bila kukosea, machozi yakimtoka, naye anatabasamu.

Siku iliyofuata alileta peremende za kwao, akagawa meza kwa meza.

"Dada Rehema, mambo ya Ghuba basi tena," aliniambia. "Mwaka huu mama namwona kwake, jikoni kwake."

Akanionyesha mpango alioutengeneza, Landani hadi mji wao. Upepo ameuweka, urefu ameuweka, mafuta ameyapiga hesabu. Mahali pa kiwanja cha akiba hapakuwa na kitu.

"Na hapa?"

"Patajazwa. Serikali ikianguka, jirani wote watafungua."

"Farhad, wewe ni mpangaji."

"Wiki mbili tu, dada. Hata Meneja amesema wiki mbili."

"Ndege inaweza kumtoa mtu kwenye kiti," nikamwambia. "Haiwezi kukikalia. Nani atakaa?"

Uso wake ulibadilika. "Wewe serikali yako haijakurudishia kaka yako ndani ya sanda, ikakukataza kulia."

Alikuwa na haki. Nami nilikuwa na haki, na haki zetu hizo mbili zilikaa meza moja kwa siku nyingi bila kusalimiana. Lakini peremende yake niliila.

Wiki mbili zikapita. Tuliambiwa kiongozi fulani ameuawa, na kabla hatujajifunza kulitamka jina lake tukaambiwa nafasi yake ina mwingine. Ndege zilipiga kila zilipotaka, na hakuna aliyezizuia. Hilo liliwafurahisha sana wachambuzi wa televisheni. Makombora yakajibu, yakaangukia hata nchi ambazo hazikurusha jiwe. Meli za mafuta zikasimama. Mdogo wangu Hamisi akanipigia kutoka Tanga.

"Dada, huko mnagombana na nani? Mafuta ya taa hayashikiki huku, na petroli ndiyo usiseme."

"Si sisi, Hamisi."

"Haya. Na yule binti wa jirani, aliyekwenda kufanya kazi za ndani Ghuba? Tajiri wake kakimbia na familia, kamwachia nyumba na paka. Mamake anauliza, wewe wa ndege, huwezi kumpitishia moja?"

Nilimwambia ukweli, kwamba ndege zote za mji ule zimelala chini. Hamisi akasema mwambie mwenyewe mamake, na akampa simu. Hayo mazungumzo sitayaandika. Binti alirudi salama baadaye, alhamdulillahi, lakini mama yake alikuwa amezeeka.

Farhad alipopata laini ya kwao, alitoka kuongea koridoni. Alirudi akakaa bila kuvua koti. Mama yake, ambaye hakuna mlo aliokula bila kuilaani serikali iliyomuulia mwanawe, alikuwa amemwambia kwamba bomu la jana liliwapata mafundi wa maji wa mtaani, na msibani wazee walioichukia serikali walisimama pamoja na wanaoitumikia. Vijana wenye bunduki walikuwa wengi barabarani kuliko zamani, na sasa kulalamika kunaitwa ujasusi. Majirani waliokuwa wakinong'ona wameacha hata kunong'ona.

"Ameniambia niwaambie rafiki zangu waache," Farhad alisema. "Nikamwambia, mama, si rafiki zangu. Akaniuliza, basi peremende uligawa za nini?"

Ningeweza kumkumbusha maneno yangu. Sikumkumbusha. Nilimletea chai bila maziwa.

Mabomu yalikoma kama yalivyoanza, kwa tangazo. Kila upande ulisema umeshinda. Serikali ile, hadi ninapoandika, ipo. Imechubuka na imekuwa kali zaidi, kama mbwa aliyepigwa mawe. Wenye ndugu ughaibuni waliitwa mmoja mmoja, na mama yake Farhad akanyang'anywa pasipoti. Siku aliyoniambia habari hiyo hakulia. Alisema, "Nilitaka nchi nzima, dada. Nimepoteza hata wiki yangu."

Nilistaafu mwaka huo. Walinikatia keki, Meneja akasoma hotuba yenye jina langu limekosewa, nikarudi nyumbani na ua kwenye kopo. Watu huniuliza msikitini na kwenye basi, mama, wewe uliyekuwa ukivitazama vita hivi kwenye ramani, unaonaje? Siwapi jibu la siasa. Nawaambia sijamtetea mtawala yeyote, na wale wanaoomba mbingu iwashukie watesi wao siwalaumu, kwa maana sijui ningeomba nini ningekuwa mimi. Lakini kutawala ni kazi ya chini: kuna mtu wa kufungua bomba la maji, kuna hakimu, kuna wa kulinda ghala lisiibwe. Rubani hawezi kuwashusha hao kwa mwavuli. Anayerusha ndege kubadilisha serikali bila kujua hayo amejaza mpango nusu, na mafuta ya nusu hiyo nyingine huchomwa na watu wa Tanga na wa Ghuba na wa jangwani, ambao hawakutia sahihi popote. Mimi hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Kazi yangu ya mwisho niliifanya nikiwa nimeshastaafu, mezani jikoni kwangu. Farhad alikuwa amesikia kwamba upande wa kaskazini wa nchi yao kuna daraja la mpakani, na maofisa wake wakati mwingine huwaruhusu wazee kuvuka kwa saa chache bila pasipoti. Mama yake angekuja kwa basi. Tulipanga pamoja: ndege hadi mji wa nchi jirani, kisha gari la abiria milimani, kisha mguu.

Siku yenyewe nilikuwa Hounslow kituoni, na mfuko wa mihogo mkononi, simu ikalia.

"Namwona," Farhad alisema. "Yuko ng'ambo ya mto. Wamemkatalia darajani."

"Mnasikilizana?"

"Mto una kelele. Tulikuwa tunaongea kwa simu, yake imekatika." Alivuta pumzi. "Alikuwa ameniletea chakula. Askari hawataki kivuke. Amekaa kwenye majani, amekifungua, anakula. Kabla simu haijakatika ameniambia nitafute chochote nami nile, ili tule pamoja."

"Una nini?"

"Biskuti za kwenye ndege."

"Basi kula, mdogo wangu. Anakutazama."

Sikukata simu. Basi langu lilikuja, likafungua mlango, likaondoka, nami nimesimama palepale nikimsikia anatafuna.