Mrashi Uliorudi Umejaa

Nikinusa marashi ya waridi, hata katika harusi ya watu, hasira hunipanda. Wenzangu hujipaka mashavuni wakitabasamu. Mimi hukumbuka lango.

Babu yangu alikuwa akichukua kanga Barabara ya Biashara, Mombasa, na kuzitembeza vijijini huko bara, kando ya mto. Homa ikamwua hukohuko, akazikwa ukingoni, chini ya mgunga. Kila Shaabani Bibi alikwenda kumzuru. Alimsomea Yasini, akammwagia marashi kaburini, kisha akarudi Mji wa Kale roho yake imetulia. Mwaka mmoja katika miaka ya sitini nami, mtoto mdogo, nilichukuliwa, nikapewa kazi ya kuupakata mrashi, ile chupa ya kunyunyizia marashi. Baba aliendesha gari amevaa koti lake la harusi, jua lote lile.

Tukakuta lango. Tangu Bibi aende mara ya mwisho, wanavijiji walikuwa wamehamishwa na pale pamefanywa hifadhi ya wanyama. Mimi nilifurahi, nikidhani lango limewekwa ili simba wasitufuate mpaka Mombasa.

“Kupita na gari mnaweza,” askari alisema. “Kushuka hapana. Wanyama wasisumbuliwe.”

“Mwanangu,” Bibi akamwambia, “mimi sikuya kutazama ndovu. Nimekuya kwa mume wangu.”

Sheria ni sheria, akajibiwa. Baba akaapa kwamba hatutashuka.

Chini ya mgunga tulikuta wazungu wameketi vitini, wanacheka. Wao walikuwa na kibali cha kushuka, na askari wao wa kuwalinda. Buli lao la chai lilikuwa juu ya mawe ya kaburi la Babu.

Bibi akashika kitasa cha mlango.

“Mama, tutafungwa,” Baba alimnong’oneza.

Mimi, kwa ujinga wangu, nikamwambia Bibi amwage marashi kupitia dirishani.

“Kaburi halisalimiwi dirishani,” alisema, akakiachia kitasa, na Baba akaligeuza gari.

Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Babu alikuwapo, na lake hawakumpa!

Bibi hakupata kurudi mtoni. Mrashi aliufungia kabatini, na siku ya maziko yake Baba aliutoa, bado umejaa, akammwagia yeye. Nilisimama pale makaburini harufu ikinijaa puani, ndipo nikaelewa. Lango lile halikuwekwa kuwazuia simba. Liliwekwa kutuzuia sisi.