Msamaha Nilioandika kwa Mkono Wangu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojifukuza kazi mwenyewe kwa kalamu. Nilikuwa karani wa mizani katika kampuni moja ya mgodi hapa Kolwezi, mke kijana mwenye mimba ya kwanza, miezi sita. Malori ya mawe ya shaba yalipita mbele ya dirisha langu, nami niliandika uzito wake. Kazi ile niliipenda, na niliijua kuliko wanaume watatu walionitangulia. Nisamehe majivuno, lakini ni kweli.

Mkuu wetu hakuipenda mimba yangu. Alisema mbele ya watu kwamba tumbo na mizani haviendi pamoja. Asubuhi moja nilikwenda kliniki kwa ruhusa yake mwenyewe, aliyonipa kwa mdomo tu. Kesho yake nikakuta mezani karatasi ile inayoitwa demande d'explication: eleza kwa nini hukuwepo kazini.

Sasa sikia ujinga wetu. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikasirika unapiga magoti, unasema pardon, mambo yanaisha. Nikaandika mistari mitatu: naomba msamaha kwa kosa langu, sitarudia. Nikatia sahihi, tena nikajisifu moyoni kwamba Kifaransa changu kimenyooka. Baada ya wiki moja nikapewa barua ya kufukuzwa, na sababu yake ilikuwa hiyo hiyo: mhusika amekiri kosa kwa maandishi.

Nililia njia nzima hadi Musonoi, kwa Tata Kapenda, kaka mkubwa wa baba yangu. Alikuwa mstaafu, lakini kwa miaka mingi alikuwa mjumbe wa wafanyakazi. Nilitaka anisindikize kwa mkuu wangu na kuku, tumbembeleze. Alizisoma barua zote mbili, ile yangu na ile ya kufukuzwa, akavua miwani.

"Ngoie, ulikosa nini?"

"Hapana kitu, tata. Niliomba tu pardon juu chef atulie."

"Pardon ya nini? Kwa nyumba unaomba pardon, kwa kazi unasema bile bilifanyika! Banakufukuza na mukono yako mwenyewe, na sasa unataka kubapelekea tena kuku?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Aliponiona hivyo, akapunguza sauti.

"Kuku, utakula na bale bako. Kesho asubui tunaenda kwa inspecteur wa kazi. Leta fishi ya kliniki."

Inspecteur, yaani mkaguzi wa kazi wa serikali, aliita pande zote mbili. Wakili wa kampuni akaisoma mistari yangu mitatu kwa sauti, mara mbili, nikatamani ardhi inimeze. Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba niliandika vile kwa woga, nikaweka mezani fishi, ile kadi ya kliniki yenye tarehe na muhuri. Mwenzangu Zaina, aliyekuwa ofisini siku ile mkuu aliponipa ruhusa, akaja kushuhudia, ingawa naye alikuwa na kazi ya kupoteza. Nampenda hadi leo kwa hilo.

Kampuni ilikataa kupatana, tukaenda mahakama ya kazi. Ilichukua muda, mtoto wangu alizaliwa, akaanza kutambaa kabla hukumu haijatoka. Hakimu alisema nilifukuzwa bila sababu halali, nirudishwe. Nikarudi dirishani kwangu, na siku hiyo mkuu ndiye aliyenisalimia kwanza.

Basi, mwanangu, ukipewa karatasi ya namna ile, usikimbilie magoti. Andika lililotokea na siku yake, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usitie sahihi kitu hujakielewa, hata wakikuharakisha. Na ukifukuzwa bila haki, usikae nyumbani ukinuna wiki zipite, maana sheria ina muda wake. Nenda kwa mjumbe wenu, kwa inspecteur wa kazi, kwa wakili. Kuheshimu wakubwa ni jambo zuri, mimi mwenyewe nakudai heshima hiyo. Lakini mkubwa anayetaka ukiri kosa ambalo hukulifanya hatafuti heshima yako. Anatafuta nafasi yako.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe mwenzako wa kusimama nawe, na siku wakikuuliza, akupe moyo wa kusema ukweli wako wima.