Maji ya Korongoni

Juzi hapa Ulemo nilimwona msichana akikimbia mashindano ya shule huku akichechemea, nikakumbuka kifundo cha mguu wangu wa kushoto, kilichokuwa kikiteguka kila nilipokaribia kushinda.

Wiki moja kabla ya mbio za shule yetu, bibi, aliyetulea mimi na wadogo zangu baada ya wazazi kufariki, alinichanja chale, akapaka dawa nyeusi yenye harufu ya moshi na samli.

"Usiguse maji," akasema.

Mshindi angekwenda kukimbia mashindano ya wilaya, Kiomboi. Nilikuwa mbele ya wote mguu ulipoanza kuuma tena, na kwenye korongo tulilopaswa kuvuka maji yalikuwa yakipita. Niliamini nikiyakanyaga dawa itatoka, nisipone kamwe. Nikazunguka kwa juu, kwenye mawe, nikiwasikia wenzangu wakivuka chwa, chwa.

"Dada, unaogopa kulowa?" mmoja akanicheka.

Nilifika wa mwisho. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, akachota maji mtungini, akaniosha mguu.

"Nilisema siku ile tu, mjukuu wangu. Chale zimeshakauka."

Nililia kwa hasira. Mwaka uliofuata bibi aliishiwa nguvu, nikaacha shule niwalee wadogo. Sasa navuka korongo lile kila asubuhi, ndoo kichwani, na kifundo bado kinauma.